Risasi ya Baba na Tafsiri Yangu

Baba alipopata kiharusi, Kiarabu kilimtoka. Kiingereza nacho kikamtoka. Kilichobaki ni Kiunguja, kile cha nyumbani, ambacho maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akikitumia nje ya geti la nyumba yetu ya Mirdif, Dubai. Hospitalini daktari alimwuliza kwa Kiarabu kama anajua yuko wapi. Baba akamtazama, akafikiri kidogo, akasema, "Najua, bwana. Nipo hospitali. Hebu nipatie maji."

Daktari akanigeukia. Muuguzi naye akanigeukia. Nikahisi uso unawaka. Nikasema, "Samahani, amechanganyikiwa."

Hakuwa amechanganyikiwa. Aliulizwa swali, akalijibu. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa watu waliotoka Unguja zamani, wakapata karatasi za hapa, wakavaa nguo za hapa, na toka utotoni nilifundishwa bila kuambiwa kwamba kuna lugha ya sebuleni na kuna lugha ya nje. Shuleni wasichana waligundua siku moja mama aliponiita getini, "We mwanangu, umesahau mkoba!" Kwa muda mrefu baada ya siku ile walikuwa wakiniigizia sauti ya mama nikipita. Nikamwomba mama awe ananisubiri garini, vioo vimepandishwa. Mama hakuuliza kwa nini. Alipandisha vioo.

Basi Baba akarudi nyumbani na mkono wa kulia uliolala, mdomo uliovutika upande mmoja, na Kiunguja chake. Marafiki walikuja kumjulia hali. Walizungumza, naye aliwaelewa kila neno, hilo lilionekana machoni. Akitaka kujibu, Kiarabu hakiji. Akisema Kiswahili, wao wanatabasamu tu na kumpigapiga begani. Baada ya muda wakapungua.

Mama akanipigia simu kazini, kwenye ofisi ya bima Bur Dubai. "Mtoe baba'ako nje," alisema. "Anashinda akitazama ukuta. Mpeleke kule kwenye bunduki zake."

Baba alikuwa fundi wa mitambo bandarini mpaka alipostaafu, na mapenzi yake makubwa yalikuwa kulenga shabaha, ule mchezo wa watu wanaolala kifudifudi na kutafuta kupitisha risasi zote katika tundu moja kwenye karatasi iliyo mbali. Alikuwa mwanachama wa klabu moja nje ya mji, yenye leseni na karakana yake, ambako baruti na fataki za kuiwashia hukaa chini ya kufuli na hakuna anayeondoka navyo. Kabla ya kuugua alikuwa amebuni risasi yake mwenyewe. Ganda lake haliuzwi duka lolote. Inabidi uchukue ganda la shaba la risasi nyingine, pana zaidi mdomoni, ulibane shingo mpaka liwe jembamba, uyasukume mabega nyuma kidogo, kisha ulipige kwenye bunduki yenyewe ili joto na nguvu ya mlipuko vilivimbishe likae sawasawa na chemba yake, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Mtutu ulikwisha chongwa. Kalibu za chuma za kulibania ganda zilikwisha letwa. Yalibaki maganda yenyewe, ndipo mkono ukalala.

Nilikuwa nikiishi peke yangu mtaa mwingine, Jumeirah Village Circle, na Jumamosi zangu hazikuwa na mwenyewe. Nikakubali. Nilidhani nitamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, atakunywa chai, atatazama wenzake, turudi. Siku ya kwanza tu alinielekeza karakanani, akaonyesha kwa mkono wa kushoto mashine ya kukandamizia iliyofungwa mezani, akasema, "Kaa hapo. Mikono utakuwa weye."

Tulianza na kuchagua. Alikuwa na maganda ya watengenezaji watatu tofauti, yote mapya, yakimeta kama bangili. Kwangu yalikuwa sawa. Baba alinifundisha kuyaviringisha kwenye kioo bapa na kutazama kama mdomo unayumba, kuyapima unene wa shingo kwa kipimo chenye mshale, kuyapima uzito kwenye mizani ndogo. Ya kundi la kwanza yalikuwa mazito na magumu. Akasema shaba hii ina kiburi, ukiibana shingo itapasuka. Ya pili yalikuwa laini, lakini shingo zake upande mmoja nene, upande mmoja nyembamba.

"Hii shingo imekwenda tenge, unaiona?" alisema. "Risasi itatoka imeinama. Weka kando."

Shingo. Mabega. Kiwiliwili. Kitako. Miaka yote nilimsikia akizungumza habari hizi na wenzake kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiingereza, na maneno yale yalikuwa ya mashine, baridi. Sasa aliyasema kwa Kiunguja, ikawa kama anazungumza habari za mtu, mshonaji anayempima mteja. Nilipenda kumsikia. Nilipenda, na papo hapo nilikuwa nikitazama mlangoni nani amesikia, kwa sababu Baba alikuwa amekuwa na sauti kubwa tangu augue na karakana ile ilikuwa na mwangwi.

Tulichagua kundi la tatu. Hayakuwa mazuri kuliko yote kwa sura, yalikuwa na madoadoa ya moto shingoni, lakini yalifanana, na Baba alisema kufanana ndiyo jambo lenyewe.

Kuyabana ndiko kulikoniumbua. Ganda hupakwa mafuta kabla ya kuingia kwenye kalibu. Ukiyazidisha, mafuta hukosa pa kwenda, yanabonyeza mabega na kuacha kishimo kama shavu la mzee asiye na meno. Ukiyapunguza, ganda linang'ang'ania ndani. Mimi nilianza kwa kuzidisha. Nikaharibu ganda baada ya ganda, Baba akiyapanga mezani. Halafu nikaogopa mafuta, na ganda likanasa. Nilivuta mkono wa mashine kwa uzito wangu wote, nikaukata ukingo wa kitako, ganda likabaki ndani ya kalibu kama jino lililovunjika.

Mkuu wa kundi la walengaji akaja kusaidia. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe, mstaafu wa jeshi, ambaye na Baba walitaniana kwa miaka mingi. Alitoboa kile kitako kwa keekee, akaingiza skrubu, akalivuta ganda taratibu. Baba alikuwa akimweleza njia nyingine, kwa Kiswahili, kwa bidii, mate yakimtoka upande wa mdomo.

"Anasema nini?" mkuu akaniuliza kwa Kiarabu.

"Anakushukuru," nikasema. Nikamfuta Baba mdomo kwa haraka, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baba akanitazama.

Mtu aliyemsikia Baba vizuri alikuwa mmoja tu pale, mfanyakazi wa usafi aliyefagia maganda kwenye viwanja vya kulengea na kuyamimina kwenye ndoo. Alikuwa Mtanzania wa bara, mtu wa makamo, aliyevaa sare ya kijivu na kofia iliyofunika shingo kwa ajili ya jua. Siku aliyosikia Kiswahili kikitoka karakanani alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Baba aligeuka kwa kasi mpaka kiti kikalia. "Marahaba! Marahaba, mwanangu! Watoka wapi weye?"

"Dodoma, mzee."

"Ah! Dodoma kuna baridi asubuhi, nasikia."

"Kuna baridi sana, mzee. Huku nimesahau hata ilivyo."

Baba alicheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu augue. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, yule mtu akipata nafasi kati ya kazi na kazi alipita kumwamkia, na Baba alimsimulia habari za bandarini, za boti za mizigo, za ganda letu. Mimi alikuwa akiniita "madam." Nilimjibu kwa Kiarabu mara ya kwanza, sijui kwa nini. Alinijibu kwa Kiarabu kile kile cha kazini, "Tamam, madam," yaani sawa, akaondoka na ndoo yake. Wenzake Baba walipita na kumwona rafiki yao akicheka na mfagiaji, na mimi nikawa naona wanachokiona, au nilichodhani wanakiona.

Mkono wangu ulizoea. Nilijifunza kupaka mafuta kwa ncha ya kidole, kulisukuma ganda kidogo, kulirudisha, kulisukuma tena, mpaka shingo inaingia bila malalamiko. Nilijifunza kulipasha moto shingoni kwa mwale wa gesi mpaka shaba ibadilike rangi, kwa sababu shaba iliyobanwa hukakamaa na isipolainishwa hupasuka. Baba alisema, "Acha! Basi!" na nililitoa motoni. Hatimaye tulikuwa na maganda ya kutosha, na mimi ndiye niliyelala kifudifudi kuyapiga mara ya kwanza ili yavimbe. Bega lilinivimba pia. Ganda la kwanza lilipotoka kwenye chemba, mabega yamesimama, makali, Baba alilishika kwenye kiganja cha kushoto, likiwa bado na joto, akaliweka shavuni.

"Mwanangu," alisema, "hili lako."

Klabu ilikuwa na shindano dogo la wanachama kabla joto halijaanza. Mkuu alimwambia Baba alete risasi yake mpya, na mimi nipige kwa niaba yake. Nilivaa abaya nzuri. Nilimvalisha Baba kandura, kanzu ile ya hapa, iliyopigwa pasi na mama mwenyewe. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wamekaa chini ya turubai, kahawa inazungushwa. Kabla ya kuanza, mkuu alisimama, akasema maneno mazuri juu ya Baba, jinsi alivyowafundisha wengi pale, na kwamba leo ameleta risasi ambayo hakuna mwingine anayo. Kisha akainama kwake. "Tuambie neno, ndugu yetu. Binti atatufasiria."

Baba hakusita. Nadhani alikuwa amelisubiri. Aliweka mkono mzima juu ya goti, akasema kwa sauti yake kubwa:

"Waambie mie nawasikia wote. Kiarabu kimenitoka mdomoni, hakikunitoka masikioni. Lugha ya mama'angu ndiyo iliyobaki, na mama'angu alizaliwa Unguja na akafa akiisema. Msinionee haya. Na maganda haya sikuyafanya mie. Mkono wangu umekufa. Kayafanya mwanangu huyu, moja moja. Waambie."

Nyuso zote zilikuwa kwangu. Nyuma ya turubai yule mtu wa Dodoma alikuwa amesimama na ndoo, amekatiza kazi kumsikiliza mzee wake.

Nikasema kwa Kiarabu fasaha kuliko nilichowahi kukisema, "Baba anawashukuru nyote kwa dua zenu. Anasema afya inarudi, alhamdulillah, na anafurahi kuwa tena kati ya ndugu zake."

Watu wakaitikia, wakaanza kupiga makofi.

"Sikusema hivyo," Baba akasema.

"Baba, baadaye," nikamnong'oneza.

"Sikusema hivyo!"

Makofi yakafifia. Mkuu akauliza, "Anasema nini?" Nikainama, nikaiweka sawa kandura ya Baba. Nilikuwa nimemfasiria mtu aliyeelewa kila neno la tafsiri yangu. Nilikuwa nimejua hivyo miezi yote, nimelisema mwenyewe kwa mama mara nyingi, kwamba anaelewa, anaelewa kila kitu, na bado nilisimama mbele yake nikasema vile kana kwamba ni kiti kitupu.

Baba akageuka, akamtafuta yule mtu kwa macho. "Mwanangu," akamwita, "njoo weye uwaambie."

Yule mtu akaganda. Aliwatazama wanachama, ambao kwa neno moja la mmoja wao angeweza kuhamishwa au kurudishwa kwao. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kunicheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Mzee," akasema polepole, "dada yupo. Yeye atasema vizuri kuliko mimi. Mpe nafasi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada.

Nikasema. Nilianza upya, kwa sauti ndogo, nikatafsiri kila neno, Unguja na mama yake na mkono uliokufa na msinionee haya. Hilo la mwisho nikalirudia. Nilingoja kitu kitokee, ile hali ya shuleni, kicheko, macho yanayopishana.

Hakikutokea kitu. Watu walitikisa vichwa kuitikia. Mmoja akasema, "Mungu amponye." Mkuu akamshika Baba mkono ule uliolala, akaubusu, akaniuliza, "Na mabega ya ganda, mmeyapa mwinamo gani?" Wengine wakasogea kutaka kuliona ganda. Hiyo tu. Kile nilichokilinda tangu utotoni hakuna aliyekuwa akikitaka, na nilikuwa nimemwumiza baba yangu hadharani kukilinda. Kama wangecheka ningekuwa na wa kumlaumu.

Nilipiga vizuri mwanzo. Matundu yalikaa karibu karibu, watu wakaanza kunong'ona kwa kupendezwa. Halafu ganda moja likapasuka shingoni, mstari mwembamba kama nywele, risasi ikaenda pembeni, na zilizofuata zikatawanyika. Tukamaliza katikati, si wa mwanzo si wa mwisho. Baba aliliangalia lile ganda lililopasuka, akalitupa kwenye ndoo ya taka.

Njiani nilimwambia, "Baba, nisamehe." Alikuwa akitazama dirishani. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mie nilidhani weye unanionea haya kwa sababu ya mate." Akajipangusa mdomo. "Mate ningeelewa."

Nikaliingiza gari getini.

Jumamosi iliyofuata nilidhani atakataa kutoka. Alikuwa amevaa tayari, ananisubiri. Tulifika klabuni, akazungusha macho uwanja mzima, akaniuliza rafiki yake yuko wapi. Aliyekuwa akifagia alikuwa mtu mwingine. Nikaenda ofisini kuuliza, na pale kaunta nikagundua kwamba sijui ninamwulizia nani. "Yule Mtanzania," nikasema. "Wa ndoo." Karani akaniambia wapo Watanzania wengi, kampuni yao ya usafi inawazungusha. Nikarudi kwa Baba. Baba akanitajia jina la kwanza la yule mtu na la baba yake. Akaniambia ana mke mwalimu, na mabinti wawili, mkubwa anapenda hesabu. Alijua yote hayo kwa vipande vya dakika kati ya kazi na kazi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, natazama mlango.

Alikuwa amehamishiwa eneo jingine la kampuni ile ile, kwa zamu ya kawaida, si kwa sababu yetu. Karani alinihakikishia, nami nilimwuliza mara mbili. Nilipata namba yake kwa msimamizi. Nilipompigia nilisema Kiswahili, na Kiswahili changu kilinitoka kwa kujikwaa, kama mtu anayevaa kiatu cha zamani. Nilimwomba radhi kwa kumweka katikati siku ile. Akasema, "Hapana, madam, yalishapita." Nilimwambia Baba anamwulizia, mama anamwalika chakula siku yake ya mapumziko.

Nilimfuata kwa gari. Mama alipika pilau na kuku wa kupaka, akaweka meza kama ya sikukuu. Mgeni alikaa ukingoni mwa kiti. Baba alimsukumia kila sahani kwa mkono wa kushoto. Walizungumza mpaka chai ikapoa, Baba akimchekesha, mama akidakia, nami nikiwa ndiye ninayetafuta maneno. Nilipommiminia chai akasema, "Asante, madam."

Mama akadakia, "Madam wa wapi? Huyu mtoto wangu. Mwite dada."

"Ndiyo, mama," akasema. Lakini nilipompa sukari akasema tena, "Asante, madam," na mara hii hakuna aliyemsahihisha.

Jioni nilimrudisha. Alikaa mbele kwa sababu nilimfungulia mlango wa mbele nikasimama nao. Tulizungumza kidogo, habari za binti yake wa hesabu. Tulipokaribia kambi wanakoishi wafanyakazi wa kampuni akaniomba nisimame kwenye kona, kabla ya geti.

"Nikufikishe tu," nikasema. "Mizigo ni mingi." Mama alikuwa amemjazia vyombo.

"Hapana, hapa panatosha."

"Kwa nini?"

Akacheka kidogo kwa aibu, akatazama magoti yake. "Wenzangu wakiniona nashuka kwenye gari la madam wataniuliza maswali. Nitashindwa kuwaeleza wewe ni nani kwangu."

Nikasimamisha gari. Akachukua vyombo vyake, akanishukuru, akafunga mlango polepole, akatembea kuelekea getini pembezoni mwa ukuta.